Nyama Nyama Nyama kwa Kiingereza

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha Kiingereza darasa la tatu nilikuwa na watoto 74. Marudio ya Ijumaa niliyafanya kwa mashindano: nauliza neno, anayekosea anakaa chini. Darasa lilichangamka kweli. Baada ya wiki kadhaa ndipo nikagundua kuwa wanaokaa mapema ni walewale. Waliohitaji mazoezi kuliko wote ndio waliokuwa wakiyapata kidogo.

Siku moja wakati wa mapumziko nikawakuta wanacheza nyama nyama nyama. Unaujua: kiongozi anataja mnyama, kama analiwa, wote wanaruka na kuitikia "Nyama!", kama haliwi, kimya. Ijumaa iliyofuata nikawatoa nje, chini ya mwembe, nikaanza. "Goat!" Wakaruka. "Cow!" Wakaruka. "Lion!" Nusu yao wakaruka, kicheko kikazuka. Mwitikio niliuacha kwa Kiswahili makusudi, maana nilitaka kujua kama sikio limelishika neno. Wafumbe macho, la sivyo wataruka kwa kumtazama jirani. Na pig usiitaje kabisa. Kwa wengine ni nyama, kwa wengine si nyama, na kipindi kitaishia kwenye ubishi.

Sheria moja tu niliibadilisha: anayekosea hatoki, anakuja mbele kutaja mnyama mwingine. Binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye tangu Januari sikuwahi kuisikia sauti yake, aliruka kwenye "snake". Akaja mbele, akashika pindo la sketi, akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Chicken!" Sauti ndogo, lakini wenzake wote waliruka kwa neno lake. Akaniomba ataje tena.

Dakika kumi zinatosha. Ukiendelea mpaka wachoke, wiki ijayo hawatautaka.

Kwa he na she, ambazo zinawasumbua sana kwa sababu kwa Kiswahili wote ni "yeye" tu, natumia mpira wa makaratasi. Wasimame duara, wavulana na wasichana wamechanganyika. Anayeudaka anamwonyesha aliyemrushia: "She is Asha." Kisha anajitaja mwenyewe, "I am Juma," na kuurusha kwa mwingine. Ukisikia "He is Asha," usikimbilie kusahihisha. Subiri kidogo, Asha mwenyewe atapiga kelele.