Kwa Nini Kanda za Marehemu Baba Nimezihifadhi kwa FLAC

Wiki iliyopita dada mmoja anayesoma makala zangu aliniuliza iwapo kanda za taarabu alizoachiwa na mama yake azihamishie katika MP3, kwa kuwa ndugu zake wote wana simu zinazoicheza. Swali lake lilinigusa panapouma, kwani mwaka 2009 nililijibu vibaya.

Marehemu baba aliniachia kaseti 112, nyingi zikiwa za taarabu na dansi alizozirekodi mwenyewe kutoka redioni. Nilizipeleka kwa fundi mmoja wa mjini, akazihamishia zote katika MP3 za kilobiti 128 kwa sekunde, nami nikaridhika kiasi kwamba nyingi kati ya kaseti zenyewe niliziacha stoo hadi zikaota kuvu, zikatupwa. Siku niliposikiliza faili zile kwa spika nzuri, nilisikia fidla zikitetemeka kana kwamba zinapigwa chini ya maji, na ganuni, ambayo uzuri wake wote umo katika ule mguso wa kwanza wa uzi, imepoteza makali. MP3 hupunguza ukubwa wa faili kwa kutupa sauti inazokadiria kwamba sikio halitazitambua, na kilichotupwa hakirudi. Nilizigeuza kuwa FLAC, aina ya faili inayobana sauti bila kutupa chochote, nikidhani zitapona, nikapata faili kubwa zaidi zenye kasoro zile zile. Hadi leo sijajisamehe.

Kaseti 31 zilinusurika kwa mama mdogo. Hizo nilizihamisha mwenyewe, jioni baada ya jioni, nikisafisha hedi ya deki kwa spiriti kabla ya kila kanda na kurekodi kwa biti 24 na sampuli 96,000 kwa sekunde. Ndipo nikalazimika kuchagua aina ya faili.

WAV, faili ya sauti isiyobanwa, hutunza kila kitu, lakini hula nafasi nyingi, haina utaratibu mmoja unaofuatwa na programu zote wa kuandika jina la wimbo na kikundi, wala haivuki gigabaiti 4 kwa faili moja. ALAC ya Apple nayo haipotezi chochote, na tangu mwaka 2011 msimbo wake uko wazi, kwa hiyo mwenye vifaa vya kampuni hiyo pekee hatajuta kuitumia. Mimi nilichagua FLAC, iliyoanzishwa na Josh Coalson na kutolewa rasmi mwaka 2001. Ni ya bure, na maelezo yake kamili yalichapishwa mwaka 2024 kama kiwango cha intaneti, RFC 9639, hivyo hata programu za leo zikitoweka, mtu anaweza kuandika nyingine ya kuzifungua faili zangu. Muziki wa CD, ambao dakika moja huchukua takriban megabaiti 10, mara nyingi hubanwa hadi karibu nusu, ingawa kaseti hazibaniki hivyo kwa sababu ya ule mvumo wa utepe. Viwango vya kubana, kuanzia 0 hadi 8, hutofautiana kwa muda wa kubana na ukubwa wa faili tu. Sauti ni ile ile.

Lakini kilichonifunga kwa FLAC ni kwamba ndani ya kila faili imo alama ya uhakiki wa sauti yake, ambayo programu huilinganisha na sauti iliyomo. Mwezi uliopita niliendesha jaribio kwenye diski zangu zote, na faili moja ikaonekana imeharibika bila mimi kujua. Niliirejesha siku hiyo hiyo kutoka kwenye diski iliyo nyumbani kwa kaka. Nilifurahi kama mtu aliyeokoa kitu motoni.

Kwa hiyo, dada yangu, usikubali kuambiwa kwamba MP3 inatosha kwa sababu simu inaicheza. Rekodi upya, hifadhi kwa FLAC, weka nakala mbili katika nyumba mbili, na uzipime kila mwaka. MP3 za ndugu zako zitoe kutoka kwenye FLAC hizo, kisha kaseti za mama zirudishe kabatini, pakavu.