Sumukuvu malishoni: chanjo ipo au haipo?

Wiki iliyopita niliandika kuhusu kondoo wa New Zealand wanaobabuka uso kwa sababu ya kuvu iliyomo kwenye nyasi. Simu haikutulia. Nimechagua maswali matano.

Uso unababukaje, ilhali sumu inaliwa? (Mfugaji, Nakuru)

Uso ni pa kuonekana tu, ugonjwa wenyewe uko kwenye ini. Kuvu hiyo huota kwenye nyasi zilizokufa chini ya malisho, joto na unyevu vinapokutana, hasa Januari hadi Mei. Mnyama humeza vijimbegu vyenye sumu iitwayo sporidesmini, nayo huharibu mirija ya nyongo. Masalia ya klorofili ya nyasi, ambayo hutolewa na nyongo, sasa yanabaki kwenye damu. Yakifika kwenye ngozi na kupigwa na jua, ngozi inaungua. Utamkuta kondoo kajibanza kivulini, anatikisa kichwa, masikio yamevimba na kulegea. Kuna na wale wasioonyesha chochote, kumbe ini limeshaharibika.

Daktari, si wawachanje kama sisi tunavyochanja kimeta? (Iringa)

Laiti ingekuwa hivyo. Kimeta ni bakteria, mwili unamtambua. Sporidesmini ni molekuli ndogo mno, kinga ya mwili haina habari nayo. Kwa hiyo watafiti huipachika kwenye protini kubwa, ili mwili ukitengeneza kingamwili (askari wa mwili wa kukamata adui) za protini ile utengeneze na za sumu. Kingamwili hupatikana kweli. Kazi iko baada ya hapo: kila tonge la nyasi huleta sumu mpya, na kila molekuli inahitaji kingamwili ya kuikamata. Tena sumu ikitoka tumboni, kituo chake cha kwanza ni ini, palepale inapofanyia uharibifu. Mwaka 1984 watafiti wa New Zealand walichapisha matokeo ya kuchanja kondoo majike: hawakulindwa. Nawavulia kofia, maana wengi matokeo kama hayo huyafungia kabatini.

Kwa hiyo hakuna iliyofaulu? (Meru)

Ipo iliyofika mbali. Australia wana phomopsini, sumu ya kuvu inayoota kwenye mabua ya lupini (zao la jamii ya kunde), na kondoo huachiwa mabua hayo baada ya mavuno. Watafiti wa CSIRO, shirika la utafiti la taifa huko, waliipachika kwenye protini vilevile, wakaijaribu hadi mashambani miaka ya 1990, na madhara kwenye ini yakapungua. Italia nako wamejaribu kuchanja ng'ombe wa maziwa dhidi ya aflatoksini, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi, wakitumia molekuli ya sumu hiyo iliyogeuzwa ikapoteza ukali.

Huko New Zealand wanajikingaje sasa? (Mwanafunzi, Morogoro)

Kwa zinki. Mfugaji mmoja, mama Gladys Reid, aliipigia debe kwa miaka kabla wataalamu hawajaikubali. Zinki hushikana na sporidesmini isiunguze seli. Mnyama hunyweshwa, huwekewa kwenye maji, au hupewa kidonge kikubwa kinachoyeyuka polepole tumboni. Pia wafugaji huhesabiwa vijimbegu vya malisho yao kwa hadubini, na huchagua kondoo dume wanaostahimili sumu. Usikimbilie dukani lakini! Dozi hupimwa kwa uzito wa mnyama, na ikizidi inaumiza kongosho.

Mahindi yangu yameota ukungu. Nimpe ng'ombe, au nichanganye na mazuri? (Kitui)

Usimpe, na usichanganye. Mwaka 2004 aflatoksini kwenye mahindi iliua watu 125 hapo Kenya, na Kitui yenu ilikuwemo. Ng'ombe mkubwa hafi kirahisi, ila sehemu ya sumu hutokea kwenye maziwa, na kuyachemsha hakuiondoi. Ukiacha kumlisha mahindi hayo, maziwa husafika baada ya siku chache. Kabla hujauliza: kuku nao usiwape. Bata ndiyo kabisa, wao hawaiwezi hata kidogo.