Ongezeni njia ya tatu kwenye swali lenu

Mhariri, wiki hii mmeuliza: filamu ya kigeni itiwe sauti za Kiswahili, au iachwe na lugha yake na kuandikiwa maneno chini? Mimi ni mtu wa maandishi. Nikiona midomo inasema lake na sauti inasema lake, nahama chumba, na tamthilia za Kituruki zimenihamisha sana. Ila mbona mmetupa njia mbili tu? Ipo ya tatu, nayo Wajerumani waliijaribu kabla wengi wetu hatujazaliwa: filamu moja, ipigwe upya kwa kila lugha.

Sinema ilipoanza kusema, kampuni ya Ufa ilijenga studio za sauti pale Babelsberg, jirani na Berlin, mwaka 1929. Ufundi wa kupachika sauti ulikuwa bado mchanga, na soko la Paris na London halikuwa la kuachwa. Basi mandhari ni yaleyale, Wajerumani wakimaliza wanawapisha Wafaransa. "Die Drei von der Tankstelle" ya 1930, ya marafiki watatu waliofilisika wakafungua kituo cha mafuta, ilitoka na pacha wake wa Kifaransa. Huku alicheza Willy Fritsch, kule Henri Garat. Lilian Harvey alikuwa kotekote.

Harvey huyo alizaliwa London, mama Mwingereza, baba Mjerumani. Katika "Der Kongreß tanzt" ya 1931 aliigiza kwa Kijerumani, Kifaransa na Kiingereza, yeye yuleyule. Nilipokuwa nasoma Berlin niliziona ile ya Kijerumani na ile ya Kifaransa jioni moja, na hapo ndipo ugonjwa huu uliponishika. Anacheza msichana muuza glavu wa Vienna, wakati wafalme wamekusanyika kugawana Ulaya baada ya Napoleon. Mfalme wa Urusi anampenda, anamtumia gari la farasi. Msichana anapanda, anaanza kuimba, na kamera haimwachi: sokoni, njiani, kwa wanawake wanaofua nguo, mji mzima unaudaka wimbo, mpaka anafika kwenye jumba alilopewa, anapita chumba hadi chumba na kuishia kurukaruka kitandani kama mtoto. Nilipoingia kuona ya Kifaransa nilikaa kwa kuvizia kosa. Nikasahau kuvizia. Yule mwanamke alikuwa anafurahi upya, si kurudia furaha ya jana. Na kichekesho ni kwamba hadithi yenyewe ina mfalme mwenye mtu anayefanana naye, wa kumwakilisha kwenye shughuli zinazomchosha!

Lakini nikisema kweli, Garat na Fritsch hawakunibakia kichwani kiasi hicho. Kumbe nilichokipenda ni Harvey, si njia. Na mtu wa kuimba lugha tatu bila kukwama unampata wapi kila mara? Halafu gharama. Walipigiwa filamu upya wenye soko nono. Sisi tungengoja mpaka leo. Ufundi wa kupachika sauti ulipokomaa, miaka michache tu baadaye, njia hiyo ilififia. Wenye kazi nao walitawanyika: Erich Pommer mtayarishaji, Erik Charell mwongozaji na Werner Richard Heymann mtunzi wa muziki, Wayahudi wote watatu, waliihama Ujerumani Wanazi walipotwaa nchi 1933. Mwaka 1937 filamu zote mbili zikapigwa marufuku.

Basi, ajabu, hesabuni kura yangu upande wa sauti. Angalau anayepachika naye ni mwigizaji, anaweza kufurahi upya, jambo ambalo maandishi hayawezi. Ila nyimbo ziachwe kama zilivyo, na maneno chini. Mhusika asibadilishiwe sauti katikati ya msimu. Na majina ya waliotia sauti yaandikwe mwishoni kwa herufi zinazosomeka, tena kabla kituo hakijakata kwenda kwenye matangazo.