Kinga ya virusi unapohamia Windows 11

Ndugu, umeuliza kama ulipie upya leseni ya programu ya kuzuia virusi, ilhali unajiandaa kuihamisha kompyuta ya nyumbani kutoka Windows 10 kwenda Windows 11. Kwa maoni yangu, usilipe kwanza. Kuhama ndiko muhimu zaidi, kwa kuwa msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na hakuna programu ya kuzuia virusi inayoweza kuziba mianya ya mfumo wenyewe.

Windows 11 huja na Microsoft Defender, programu ya kuzuia virusi ya Microsoft yenyewe, bila malipo, na kwa familia inayotumia kompyuta kwa barua pepe, masomo na kazi ndogo za ofisi, kinga hiyo inatosha, mradi masasisho yasizimwe kwa kisingizio cha kubana bando. Ukiweka programu ya kampuni nyingine, kwa kawaida Defender hujiweka kando, kwa sababu kinga mbili zinazokagua faili moja kwa wakati mmoja hugongana na kuilemea kompyuta; kwa hiyo unayoinunua haiongezeki juu ya iliyopo, bali huchukua nafasi yake.

Kabla ya kuhama, nakili mafaili yako kwenye diski ya nje, uichomoe, kisha uondoe kabisa programu ya zamani, maana mabaki yake huweza kukwamisha usakinishaji. Ukimaliza, hakikisha katika mipangilio ya usalama kwamba Defender imewaka. Programu zilizovunjwa leseni, zinazopita mkononi kwa flashi, ziepuke kabisa.