Super Cub ilinivuta kushoto, tukatokea kulia

Swali: Shikamoo Kapteni. Nina saa 90 kwenye Cessna 172, yenye gurudumu la tatu puani, sasa najifunza Super Cub, ndege ndogo yenye gurudumu la tatu mkiani. Mwanzo wa kupaa huwa sawa, ila nikisukuma stiki kuinua mkia, pua inachomoka kushoto. Juzi nilikanyaga pedali ya kulia ya usukani wa mkiani kwa nguvu, nikakata gesi, na ajabu tukaishia majanini upande wa kulia! Upepo ulikuwa kidogo tu. Nakosea wapi?

Jibu: Marahaba. Hayo ni makosa mawili yaliyofuatana, na la pili ndilo lililowatoa nje.

Tuanze na pua. Ukiwa kitini, pangaboi la Super Cub linazunguka kama mshale wa saa. Kitu kinachozunguka kwa kasi hakiitiki pale unapokisukuma. Kinaitika robo mzunguko mbele yake. Shika ekseli ya gurudumu la baiskeli linalozunguka, uliinamishe, utaona linavyokupindisha mikono. Kuinua mkia ni kama kusukuma sehemu ya juu ya pangaboi mbele. Nguvu inatokea kulia, na pua inakwenda kushoto. Ukiuinua kwa pupa, inachomoka zaidi.

Sekunde hiyo hiyo umelinyanyua gurudumu la mkia lililokuwa likikuongoza, na usukani wa mkiani bado haujapata upepo wa kutosha. Tena uzito wa ndege hii uko nyuma ya magurudumu makubwa, tofauti na Cessna yako. Aliyewahi kurudisha trela nyuma anajua kosa dogo linavyokua lenyewe.

Kwa hiyo ongeza gesi taratibu, stiki ikiwa nyuma, kisha uache mkia uinuke polepole. Mguu wa kulia uanze kazi pamoja na mkia, usisubiri pua iondoke. Kanyaga kidogo, legeza, kanyaga tena.

Sasa ile ajabu yako. Karibu vyote vilivyokuvuta kushoto vilitokana na nguvu ya injini. Ulipokata gesi vikatoweka papo hapo, lakini mguu wako wa kulia ukabaki umekanyaga. Ukikata gesi, na kukata ni sahihi mambo yakiharibika, mguu nao urudi katikati muda huo huo. Tena mtu akishtuka akakanyaga kwa nguvu, huweza kugusa na breki bila kujua. Sitashangaa kama breki ya kulia nayo ilishika.

Ila usikariri "mguu wa kulia" kama sala. Tiger Moth, ndege ya zamani ya mafunzo ya Kiingereza, pangaboi lake huzunguka kinyume, nayo huvuta kulia. Macho yawe mwisho wa barabara, miguu ifuate macho.

Na kabla hamjaruka tena, fundi akague magurudumu makubwa na miguu yake, spring za gurudumu la mkia na ncha za mabawa. Majani huficha mashimo.