Re: Adapta ndogo zinanipotea kila shoo, nyie mnazibebaje?

Mkuu hapo kwenye kuzitupia zote begi la kebo ndo unapojimaliza, adapta ya jeki ya mm 3.5 (ile ndogo ya hedifoni) kwenda mm 6.35 (ile kubwa ya gitaa) inazama chini ya waya unakuja kuiona kesho yake. Mi natumia kile kiboksi cha plastiki cha kuwekea skrubu, adapta za RCA (plagi za redio na TV) kivyake, za XLR (plagi za pini tatu za maiki) kivyake, ila hakikisha vizuizi vya ndani vinagusa mfuniko la sivyo gari likiruka tuta moja tu zishachanganyikana zote. Halafu kila adapta izungushie tepu ya rangi moja, maana jamaa wa bendi nyingine akiazima jeki mwisho wa shoo zinafanana balaa. Na adapta inayokwaruza sauti usiirudishe boksini!! nilirudisha mimi, ikanilipukia masikioni katikati ya soundcheki (kujaribu sauti kabla ya shoo), sasa hivi natupa palepale.