Skati ya Ella Fitzgerald: anza na maneno

Wanaoanza jazi wengi hukimbilia rekodi ya Berlin ya 1960, pale Ella Fitzgerald, mwimbaji wa jazi wa Marekani, alipoyasahau maneno ya "Mack the Knife" jukwaani, akabuni ya kwake papo hapo na kuigiza hata sauti ya mwimbaji mwenzake Louis Armstrong. Kisha nao huanza skati, yaani kuimba silabi tupu badala ya maneno, wakibwabwaja "shubi-dubi" juu ya wimbo wasioujua. Isikilize tena huku ukihesabu: maneno yamepotea, lakini kila beti ya baa 16 (baa ni fungu moja la mapigo) inaanza na kuisha mahali pake.

Jifunzie "Oh, Lady Be Good!" ya mtunzi Gershwin, maana Ella aliirekodi kwa namna mbili zisizofanana kabisa. Ya 1947 ni ya kasi na imejaa skati. Ya 1959, iliyopangwa na Nelson Riddle, inakwenda taratibu na kila neno linasikika. Anza na hiyo ya polepole. Wimbo una baa 32 za mapigo manne: sehemu kuu, iitwayo A, baa 8, A tena, daraja (sehemu ya kati yenye melodi tofauti) baa 8, A ya mwisho. Imba bila pambo lolote mpaka uingie darajani bila kusubiri ala ikuonyeshe njia. Watu hupotea zaidi wakishalivuka: hudhani A ya mwisho ni ya kwanza, wakatarajia nyingine wakati bendi imeshafunga mzunguko.

Metronomu, kile kifaa cha kuhesabia mapigo, iweke 60 kwa dakika, kila mlio uuhesabu kuwa pigo la 2 au la 4. Wimbo utakwenda 120. Aliyezoea kupiga makofi kwenye la 1 na la 3 atateseka siku kadhaa, avumilie tu. Ella alikomazwa na bendi ya mpiga dramu, Chick Webb, katika ukumbi wa Savoy, Harlem, watu wakicheza dansi mbele yake. Hapo mapigo hayana mzaha.

Sasa skati. Sisi Waswahili tuna tatizo letu: silabi zetu huishia na irabu, kwa hiyo "bop" hugeuka "bopu" na "dat" ikawa "dati". Ile irabu ya ziada huirefusha noti iliyotakiwa kukatwa, na swingi, ule mwendo wa kubembea wa jazi, inakufa hapo hapo. Kwenye "bop" funga midomo, usiifungue mpaka noti inayofuata. Kwenye "dat" ulimi ubaki umegota nyuma ya meno. Jirekodi kwa simu, utaisikia hiyo "u".

Chukua baa 4 tu za rekodi ya 1947, punguza kasi hadi nusu, uige silabi kwa silabi. Baa 4 zilizokaa sawasawa zinatosha kwa wiki.

Kujipima, zima sauti ya rekodi kwa baa 8 huku ukiendelea na skati, kisha iwashe. Ukikuta Ella yuko darajani nawe bado uko kwenye A, rudi kwenye maneno.